Safari ya Kufuata Sura

Watu wa pwani wana desturi yao ya kuagana na msafiri. Aliyekusudia kuvuka bahari, awe anakwenda kuhiji, kufanya biashara au kutafuta tiba, hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hulipa madeni yake, au huyaandika na kumkabidhi mtu anayemwamini. Huacha wasia. Husomewa dua, na siku ya kuondoka husindikizwa hadi bandarini, au siku hizi uwanja wa ndege, na kundi la watu kubwa kuliko haja. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya fahari. Iliwekwa na watu walioijua bahari, waliojua kwamba anayeondoka anaweza asirudi, na kwamba asiyerudi huacha nyuma yake haki za watu.

Katika zama hizi imezuka safari ya namna nyengine, isiyo na maagano. Msafiri wake huaga kwa kusema kwamba anakwenda kununua nguo Dubai, au kumtembelea shangazi yake Maskati, au kupumzika tu. Ndani ya mkoba wake mna karatasi ya hospitali ya Istanbul, Mumbai au Bangkok. Akirudi baada ya wiki tatu pua imekuwa nyembamba, tumbo limekuwa bapa, au nyonga zimejaa, naye husema ni mazoezi na mabadiliko ya hewa. Watu humcheka, au humhusudu, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja. Lakini kicheko na husuda si hoja. Swali linalostahiki kuulizwa ni hili: mtu anayepanga kwenda nchi ya mbali ili kisu cha daktari kibadilishe umbo lake, hali hana maradhi wala jeraha, je, anatenda kosa? Na kama kosa lipo, liko wapi khasa: katika kisu, katika nia, au katika ile siri?

Liko jibu la haraka, nalo ni kwamba mwili ni amana na amana haichezewi. Jibu hilo lina uzito wake. Hata hivyo, maisha ya pwani yenyewe hayalikubali lote. Mabibi wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja walitogwa masikio wakiwa wadogo, tundu baada ya tundu kufuata ukingo wa sikio, na ndewe zikatanuliwa mpaka zikaweza kubeba majasi. Wamakonde walichanja chale nyusoni mwao, na wanawake wao wakavaa ndonya katika mdomo wa juu. Bibi arusi husingwa, hutiwa hina na piko, hupakwa wanja na kufukizwa udi, mpaka mama yake mwenyewe akimtazama anaona mtu mpya. Hakuna jamii ya binaadamu iliyouacha mwili kama ulivyotoka tumboni. Ikiwa kuugusa mwili ni kosa, basi mabibi wote walikosa, wala hapana atakayethubutu kusema hivyo mbele ya makaburi yao.

Iko tofauti, lakini, baina ya pambo la kale na kisu cha leo, nayo si ile ya maumivu, maana sikio lililotogwa kwa mwiba liliuma vya kutosha. Pambo la kale halikuficha kwamba ni pambo. Anayeona majasi anajua kuwa hakuna aliyezaliwa nayo. Anayeona hina anajua kuwa ni hina. Tena pambo lilitiwa na mikono inayojulikana, ya nyanya, ya somo, ya kungwi, mbele ya wanawake wengine, na kila tundu lilikuwa na siku yake na kisa chake. Kazi ya daktari wa sura hutakiwa ifiche alama zake. Inasifiwa inapodhaniwa kuwa ni maumbile. Mwenye wanja husema, “Nimejipamba.” Mwenye pua mpya hutaka kusema, “Hivi ndivyo nilivyo.” Hapo ndipo pambo linapoanza kuwa madai, na madai huweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Ama kisu chenyewe, ukoo wake ni wa heshima kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu cha kale cha tiba cha Wahindi kinachonasibishwa na Sushruta kinaeleza namna ya kuitengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi iliyo hai ya mwili uleule. Kukatwa pua kulikuwa adhabu na fedheha katika nchi nyingi, kwa hiyo waliokuwa wakihitaji pua walikuwa wengi. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari na picha ya mwendesha magari ya ng’ombe aliyekatwa pua vitani, akatengenezewa nyengine karibu na mji wa Pune kwa ngozi ya kipaji cha uso. Na madaktari wa Uingereza wakajifunza kutokana na habari hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1597, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake juu ya kuziba pua kwa ngozi ya mkono. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwapokea maelfu ya askari ambao risasi na vipande vya mizinga viliwaondolea taya, midomo na macho. Hospitali iliyofunguliwa kwa ajili yao huko Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, ndiyo iliyokuwa skuli ya elimu hii. Basi elimu hiyo ilizaliwa na huruma. Watu wale hawakutaka kupendeza. Walitaka kuweza kupita njiani bila ya watoto kukimbia.

Lakini huruma hiyo haina mpaka ulio wazi. Mfano wake ni Ivo Pitanguy wa Brazil, aliyefariki mwaka 2016. Mwezi wa Disemba 1961 hema la sarakasi liliungua katika mji wa Niterói, watu kwa mamia wakafa, wengi wao watoto, na Pitanguy alikuwa miongoni mwa madaktari waliowashughulikia walioungua. Baadaye akawa daktari wa nyuso za matajiri na wenye majina makubwa waliomwendea kutoka pembe nyingi za dunia. Na papo hapo aliendesha wodi ya hisani mjini Rio de Janeiro ambamo maskini walipasuliwa kwa malipo madogo au bila ya malipo, hata kwa mambo ambayo wengine waliyaita anasa. Kwake yeye, mtu anayeteseka kwa sababu ya umbo lake anateseka kweli, na ufukara haumwondolei haki ya kutibiwa mateso hayo. Si hoja ya kupuuzwa. Msichana aliyeitwa “pua bakuli” tangu darasa la kwanza ana jeraha, ingawa hakuna damu iliyotoka.

Wanazuoni wa Kiislamu, ambao kauli zao zina nafasi katika nyumba nyingi za pwani, wamelikabili jambo hili kwa kutofautisha baina ya kuondoa aibu na kutafuta ziada. Hukumbukwa kisa cha Arfaja bin As’ad, sahaba aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alijitengenezea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza atumie ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu imeharamishwa kwa wanaume. Kwa upande mwengine kuna makatazo mashuhuri juu ya kubadilisha maumbile kwa ajili ya uzuri tu. Mwaka 2007, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilifuata njia hiyo hiyo ya kati: ikaruhusu upasuaji wa kurejesha kilichoharibika na kurekebisha aibu ya kuzaliwa au ya kupatikana inayomdhuru mtu, ikaukataza ule unaobadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Tofauti hiyo ni nzuri na ina faida. Bali inaacha kazi ngumu mlangoni. Nani anayeipima aibu? Pua ni pana kwa kipimo cha nani? Zamani mwanya katika meno ya mbele ulikuwa pambo, na hata leo wako wanaoupenda. Tena yale makatazo yenyewe yanawataja wanaoyachonga meno yao ili wapate mwanya, dalili ya kuwa katika nchi ile na zama zile watu walikubali kuumia ili waupate. Leo mtoto mwenye mwanya hupelekwa kwa daktari wa meno akafungwa waya miaka miwili ili uzibwe. Meno ni yale yale. Kilichohama ni jicho. Na nyonga ambazo mwaka huu hujazwa mafuta kwa sindano, huenda baada ya miaka ishirini zikaitwa kasoro na kutafutiwa kisu cha kuzipunguza. Anayeujenga mwili wake kwa kufuata kipimo cha wakati hujenga nyumba ya mawe juu ya fungu la mchanga linalohamahama, maana mwili hauwezi kupimwa upya kila kipimo kinapobadilika.

Wapenzi wa ushairi na wa taarabu watakuwa wamekwisha kumkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akauza vyungu kwa kupita njiani, akaingia mjini na sauti yake. Waliomhusudu walipokosa la kusema juu ya sauti, walisema juu ya sura yake na nasaba yake, tena kwa nyimbo zilizoimbwa hadharani. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, hoja ni akili. Mwaka 1928 alivuka bahari ile ile inayovukwa na wasafiri wa leo, akafika Bombay. Alikwenda kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, akarudi na uso wake ule ule, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake uliosomwa na vizazi. Ni rahisi sana kumshika Siti kama fimbo na kumpigia nayo kila msichana anayelia mbele ya kioo: Mtazame Siti!

Rahisi, lakini si haki. Siti alikuwa na sauti. Alipotukanwa alikuwa na kitu cha kujibia, tena kitu ambacho kila aliyekisikia alikitambua. Wengi wanaochekwa hawana sauti kama ile. Yule anayeuza vitumbua barazani, karani wa ofisi, mwalimu wa watoto wadogo, hawa nao wana pua, wana matumbo yaliyolegea kwa uzazi wa mara tano, na hakuna santuri itakayowatetea. Kuwaambia kwamba uzuri ni wa ndani ni kuwapa methali badala ya dawa. “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti” ni neno la kweli. Ila aghalabu hulisema mtu ambaye hajawahi kupitwa na posa kwa ajili ya uso wake. Maadili yanayomtaka mnyonge awe shujaa ili walio imara wabaki na raha zao yana walakini.

Basi kisu si kosa kwa dhati yake, wala nia ya kutaka kutoka katika dhihaka si kosa. Inabaki safari yenyewe na jinsi inavyopangwa. Kwa nini ng’ambo? Sababu hutajwa tatu: ustadi, bei na siri. Ya ustadi ilikuwa na nguvu zamani kuliko leo. Madaktari wa upasuaji wa kurekebisha wapo Nairobi na Dar es Salaam, na katika miaka hii ya 2020 hospitali ya Mloganzila imeanza hata kuwapunguza watu uzito kwa puto linalowekwa tumboni. Ya bei ni ya kweli kwa anayetoka London au Toronto, ambaye Istanbul humgharimu sehemu tu ya anayodaiwa kwao; ndiyo maana watu wa pwani wanaoishi ughaibuni wamo katika misafara hiyo. Lakini kwa anayetoka Unguja au Mombasa, ukijumlisha tiketi, viza na nyumba ya wageni, unafuu huo huyeyuka. Inayobaki ni ya tatu. Wengi huenda mbali kwa sababu mbali hakuna macho.

Na wanaouza safari hizo wanalijua hilo. Hawauzi upasuaji peke yake. Huuza furushi zima. Gari litampokea mgeni uwanja wa ndege, chumba cha hoteli kimelipiwa, mkalimani yupo, picha za kabla na baada zimepangwa, na bei ni moja. Mgonjwa hugeuzwa mtalii, na mtalii hahisi kuwa mgonjwa mpaka usiku wa kwanza. Katika furushi hilo hakuna mtu wa kukaa naye mwezi wa pili, kidonda kinapofumuka. “Rahisi ghali,” walisema wahenga, nao hawakuwahi kuona karatasi ya malipo ya namna hii.

Khatari hizo si vitisho vya wazee. Upasuaji wa kuhamisha mafuta ya tumboni na kuyatia makalioni ulipata sifa mbaya kwa sababu mafuta yanayofika ndani ya msuli huweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu na kuziba mapafu. Jopo la madaktari lililochunguza jambo hilo lilikadiria vifo kuwa karibu 1 katika kila upasuaji 3,000, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kuufanya mpaka ushahidi zaidi upatikane. Idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi iliripoti kwamba baina ya mwaka 2009 na 2022 raia 93 wa Marekani walifariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika peke yake. Mwaka 2023 wagonjwa waliopasuliwa katika zahanati mbili za mji wa Matamoros, Mexico, walipata kuvu katika utando wa ubongo kupitia sindano ya ganzi ya mgongoni, na baadhi yao wakafa walipokwisha kurudi makwao. Aidha, kukaa kitako saa nyingi ndani ya ndege mara baada ya kupasuliwa huzidisha uwezekano wa damu kuganda miguuni na bonge lake kupanda hadi mapafuni. Kwa hiyo hata njia ya kurudi nyumbani ni sehemu ya upasuaji, ingawa hakuna anayeiandika katika furushi.

Wala mali na cheo si ngao. Stella Obasanjo alikuwa mke wa Rais wa Nigeria. Mwezi wa Oktoba 2005, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 60, alilazwa katika zahanati ya binafsi huko Marbella, Hispania, kwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Tarehe 23 akafariki. Siku moja kabla yake ndege ya abiria ilikuwa imeanguka Nigeria na kuua watu 117, hata taifa likawa na misiba miwili kwa pamoja. Mwaka 2009 mahakama ya Hispania ilimtia hatiani daktari aliyempasua kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwanamke aliyeweza kuagiza daktari wa nchi yoyote aje kwake, alifia ugenini katika jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Kumlaumu hakufai, maana marehemu hana wa kumjibia. Linalofaa ni kufikiri: ikiwa mke wa Rais hakuokoka, seuze yule ambaye nyumbani kwake wanajua kwamba amekwenda kununua vitenge?

Hapa ndipo lilipo kosa, kama lipo. Na afikiriwe mwanamke mmoja, asiye na jina, aliyeaga kwa uongo. Amelazwa. Hali yake imebadilika usiku. Muuguzi anatafuta nambari ya kupiga, na fomu imeachwa wazi, au imeandikwa nambari ya dalali wa safari. Hakuna wa kuulizwa kama ana pumu, kama mama yake alifariki kwa shinikizo la damu, kama aliwahi kudhurika na dawa ya usingizi. Mumewe atapata habari kwa simu ya mtu asiyemjua, katika lugha asiyoielewa, naye atakataa kuamini, kwa sababu mkewe yuko Dubai. Deni la kikoba alilochukua kulipia safari halijulikani na mtu. Watoto wanasubiri ada za skuli. Na akijaaliwa kurudi salama, kisha kidonda kikaanza kutoa usaha wiki ya nne, atakwenda hospitali ya karibu na nyumbani na kumwambia daktari nusu ya habari. Daktari atatibu gizani, na giza hilo ni la kutengenezwa.

Ubaya wa siri hiyo, basi, si kwamba watu wa mtaani wamefichwa. Watu wa mtaani hawana haki juu ya tumbo la mtu. Pwani inaijua sitara na kuiheshimu: kuna mambo ya mwili ambayo mtu mwenye adabu hayatangazi, wala mwenye adabu hayaulizi. Lakini sitara ni pazia, na nyuma ya pazia huwa kuna watu wawili watatu wanaojua. Ile siri nyengine ni ukuta usio na mlango. Ndani yake msafiri yuko peke yake na mfanyabiashara. Hana wa kumwambia “subiri”, hana wa kumsomea masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, hana wa kukaa kando ya kitanda akihesabu pumzi. Amejinyima kile ambacho babu yake, aliyepanda jahazi kwenda Malindi tu, alikuwa nacho kwa wingi.

Hata hivyo lawama haiwezi kumwangukia yeye pekee. Nani aliyeujenga ukuta huo? Kinywa kilichomwita “pua bakuli” ndicho kitakachomwita “pua ya kununua”. Shangazi aliyesema harusini kwamba dada mtu ndiye aliyechukua uzuri wote, ndiye atakayeshika kifua na kustaajabu kwamba watoto wa siku hizi hawaridhiki na walichopewa. Jamii humfukuza mtu katika mwili wake, kisha humfungia mlango wa kutokea. Anayeondoka usiku kimyakimya hakuichagua siri kwa kuipenda. Aliikuta imemkalia njiapanda. Kwa hiyo wanaotaka safari hizi zipungue wana kazi iliyo karibu na nyepesi kuliko fatwa na sheria: wazichunge ndimi zao mbele ya watoto wa kike.

Wakati kazi hiyo inangojwa kufanywa, wako watu ambao leo wameshika kalamu wakihesabu akiba yao na tarehe za ndege. Kwao desturi ya kale inatosha kuwa ramani. Madeni yaandikwe, na fedha za upasuaji zisiwe za mkopo ambao mwengine atalia nao. Wasia uachwe. Jina la daktari mwenyewe lijulikane, si jina la zahanati tu, na iulizwe mamlaka ya nchi yake kama amesajiliwa kwa kazi hiyo. Iulizwe pia nani atakayemlaza usingizi, kiko wapi chumba cha wagonjwa mahututi, zipite siku ngapi kabla ya kupanda ndege. Ichukuliwe ripoti ya upasuaji kwa maandishi, katika lugha ambayo daktari wa nyumbani ataisoma, na daktari huyo wa nyumbani ajue kabla, si baada. Awepo msindikizaji. Na juu ya yote, pawe na mtu mmoja anayempenda ambaye ataambiwa neno hili kwa ulimi, kabla ya tiketi kukatwa.

Sharti hili la mwisho ndilo zito, tena ndilo linaloipima nia kuliko vipimo vyote vya damu. Jambo ambalo mtu hawezi kulitamka mbele ya yeyote anayempenda huenda bado hajalijua vizuri yeye mwenyewe. Na mwili ukishakatwa haungoji mwenyewe ajijue. Hii haina maana kwamba anayempenda ana haki ya kumzuia. Ana haki ya kuuliza, basi.

Na huenda swali likawa dogo tu. Mdogo mtu anakaa ukingoni mwa kitanda usiku, taa imezimwa, anamwambia dada yake kila kitu: mji, tarehe, kiasi, picha alizotumiwa. Dada ananyamaza kwa muda. Hasomi hadithi wala hatoi methali. Anasema, “Mdogo wangu, nani alikwambia pua yako mbaya?” Na mdogo mtu, aliyedhani kwamba jibu ni kioo, anakumbuka ghafla mtu, mahali na siku: ua wa nyumba fulani, sinia la biriani, kicheko cha watu wazima, naye akiwa na miaka tisa. Analia. Labda baada ya kilio hicho hatakwenda. Labda atakwenda vilevile, kwa sababu kujua aliyempiga mtu hakumwondolei kovu. Lakini akienda, dada yake atamsindikiza mpaka uwanja wa ndege, nambari yake ya simu ikiwa imeandikwa kwenye ile fomu, na dua ikiwa imekwisha kusomwa.